Chuma cha Mpaka na Mwanyumba Wangu

Siku ya kwanza kushika mashine ya kutafutia vyuma, ililia mara kumi na nne ndani ya nusu saa.

Mara kumi na nne nikachimba. Mara kumi na nne sikukuta kitu.

Si msumari, si kizibo cha soda, si waya. Udongo mtupu. Nikifukia shimo na kupiga hatua moja, mashine inalia tena. Nikaanza kuamini kwamba uwanja ule wa nyuma ya shule una mambo yake, na jasho jembamba likaanza kunitoka.

Ndipo nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Kile kicheko cha kushika mbavu.

"Mwanyumba," akasema, "hebu tazama miguuni kwako."

Nikatazama. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kazi, vile vya mafundi vyenye chuma mbele ya vidole. Kila nilipopitisha ile sahani ya mashine karibu na miguu, ilikuwa inasikia viatu vyangu mwenyewe.

Nusu saa nzima nilikuwa nawinda vidole vyangu, jamani.

Kwa asiyejua, mwanyumba ni mwanamume mwenzako ambaye mmeoa nyumba moja. Huyu aliyecheka kaoa dada mkubwa, mimi nikaoa mdogo wake. Mtaani wanamwita Injinia, ingawa uinjinia wenyewe hajausomea hata siku moja. Anauza matairi. Lakini ukimwona anavyotembea na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, cheo hicho utampa bila kuombwa.

Na kabla jua halijazama, habari ya viatu ilikuwa imeshafika kwa mama mkwe.

Sasa niseme kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu uso kwa uso. Nilikuwa namwonea wivu yule bwana. Si wivu wa kupita. Ni wivu wa kuamka nao na kupiga nao mswaki.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, ngazi. Geti la mama mkwe nililitengeneza mimi kwa siku sita, na alama ya cheche ninayo mkononi hadi leo. Siku ya saba Injinia akaja na kopo la rangi ya kijani, akapaka.

Wageni wakija, mama anawaambia, "Mmeiona rangi ya geti langu? Kazi ya mkwe wangu Injinia hiyo."

Rangi!

Nikipeleka sukari, namkuta kapeleka sukari na sabuni. Nikienda kumsalimia mama Jumapili, naambiwa Injinia alikuja jana, tena karekebisha na bomba. Nikitoa kichekesho, watu wanatabasamu kwa adabu. Akikitoa yeye, kilekile, watu wanafutana machozi.

Ndiyo maana nilinunua mashine. Nilitaka kitu kimoja tu duniani ambacho Injinia hana.

Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wakipunga mashine mashambani, wanachimba, wanatoa pete na sarafu za kale. Nikaulizia, nikaelekezwa kwa mzee mmoja mstaafu, fundi bomba, aliyekuwa akiitumia yake kutafuta mabomba yaliyofukiwa. Aliniuzia, kisha akanikalisha kwenye kibaraza chake akanifundisha.

"Punga polepole, kama unafagia chumba chenye mtoto aliyelala. Sahani iwe karibu na ardhi lakini isiguse."

"Sawa, mzee."

"Na wewe bado mwanafunzi, kwa hiyo usichague. Kila kinacholia, chimba. Kitoe, tia mkobani, fukia shimo mpaka mwenye ardhi asijue kama ulipita."

Hilo la mwisho nililibeba kama kiapo.

Baada ya aibu ya viatu nikahamia kwenye ndala. Nikajifunza kukata nyasi kwa sepeto ndogo pande tatu, nikazikunja kama kifuniko cha sanduku, nikatoa kitu, nikarudisha kifuniko na kukikanyaga kidogo. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa na vizibo vya kutosha kujaza ndoo, kijiko kimoja, funguo tatu zisizojulikana kufuli zake, na sarafu moja ya zamani yenye tundu katikati.

Ile sarafu nikaipeleka kwa mama mkwe. Akaigeuzageuza kiganjani, akavaa miwani.

"Mwanangu, hii umeitoa ardhini wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mama."

Akaiweka kwenye kabati la vioo, pamoja na vikombe vya wageni. Wageni wakija, anaionyesha. "Mkwe wangu mdogo huyo. Ana jicho la kuona chini ya ardhi."

Nilitembea mtaani kifua mbele kwa wiki mbili. Kweli, wiki mbili zile nilikuwa mtu.

Wiki ya tatu Injinia akaja kwangu amebeba boksi.

"Mwanyumba, umenitia hamu!" Akanikumbatia. "Nimeona na mimi nianze, tuwe tunatoka wote."

Ilikuwa mashine mpya kabisa. Kioo chake kinang'aa, spika za masikioni, begi lake maalumu la mgongoni. Yangu ilikuwa imefungwa gundi ya karatasi kwenye mpini. Nikatabasamu meno yote nje, ndani nachemka.

Siku yake ya kwanza, ya kwanza jamani, akapata bangili ya fedha. Akampa mama. Sarafu yangu ikasogezwa pembeni kabatini ili bangili ipate nafasi.

Mke wangu akaniangalia tukiwa tunarudi nyumbani.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Umenuna tangu kwa mama. Unamwonea wivu shemeji yangu."

"Mimi? Nimwonee wivu kwa bangili?"

"Kwani nimetaja bangili?"

Nikaongeza mwendo mpaka tukafika.

Basi, hayo yote yangebaki kuwa ya kucheka tu, kama si jirani wa mama mkwe.

Mama mkwe anashona sare za shule. Pembeni ya kiwanja chake kuna chumba kimoja cha matofali, ndani kuna vyerehani viwili, meza ndefu ya kukatia na dirisha kubwa la kuingiza mwanga. Dirisha na mlango nilivitengeneza mimi. Chumba kile ndicho kilichowasomesha mke wangu na dada yake tangu baba yao afariki.

Nyumba ya jirani ikanunuliwa na bwana mmoja mwenye duka la dawa. Huyu bwana akataka kujenga ukuta. Akasema mpaka wake unapita ng'ambo ya kile chumba, kwa hiyo chumba kiko kwake na kibomolewe.

Akaitwa mpima ardhi. Kona tatu za kiwanja alama zake zilikuwepo. Kona ya nne, ya upande wa chumba, haikuonekana. Kiwanja chenyewe kimepinda, na ramani ya zamani ililowa mvua miaka mingi nyuma, vipimo vya upande ule havisomeki.

"Zamani kila kona ilizikwa chuma," mpima ardhi akasema. "Kitafuteni. Nitarudi Jumamosi saa nne asubuhi. Mkikipata, tunapima kutoka pale na mambo yamekwisha. Kisipopatikana, sina njia, nitagawa katikati ya madai yenu wawili."

Katikati maana yake mstari unapita juu ya meza ya kukatia. Nusu chumba si chumba.

Chuma kimefukiwa ardhini. Katika familia yetu nani alianza kazi ya kutafuta vyuma? Nani?

Mama akampigia Injinia. Jumapili.

Mimi nikapigiwa Jumanne. "Mwanangu, kesho njoo na wewe umsaidie mwenzako." Umsaidie! Nilikata simu nikabaki nimeshika kipande cha bomba kama nataka kumpiga mtu.

Jumatano baada ya kazi nikaenda. Nikamkuta Injinia anapunga mashine yake nyuma ya chumba cha kushonea, mama kakaa kwenye ndoo aliyoipindua, anatazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja."

Nikamsogelea Injinia, nikachungulia kioo cha mashine yake. Karibu nicheke.

Mashine hizi zina kitufe cha kuchuja. Ukikibonyeza, inanyamaza kwa chuma cha kawaida ili misumari isikusumbue, inasikia fedha na shaba tu. Injinia alikuwa amekibonyeza. Mtu anatafuta chuma na mashine aliyoiamuru isisikie chuma!

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga.

"Unaonaje, mwanyumba?" akaniuliza. "Au ujaribu na wewe? Mimi hapa napiga tu miayo."

"Hapana, endelea. Unakwenda vizuri."

Akaniangalia kidogo, kama anasubiri neno. Mama naye akasema, "Na wewe si umekuja na yako?"

"Betri imekwisha, mama."

Ulikuwa uongo. Betri ilikuwa mpya. Nilichokuwa nafikiria ni Jumamosi. Niliiona kabisa: Injinia kashindwa mbele ya watu wote, na mashine yake ya kung'aa, halafu mimi nasimama. Nilitaka mama aone. Nilitaka aone kwa macho yake mawili.

Alhamisi saa sita mchana mama alikwenda shuleni kupeleka sare. Nikajua. Nikafunga karakana, nikachukua mashine, nikaingia uani kwake peke yangu. Funguo za geti ninazo, geti lenyewe nililitengeneza mimi.

Nikaanza polepole, kama nilivyofundishwa. Kwenye ukuta wa chumba, kimya. Kando ya mti wa mapera, msumari. Nyuma ya tangi la maji, ikalia mlio mnene, mzito, wa chuma kilichotulia.

Nikakata kifuniko cha nyasi. Udongo ulikuwa laini kuliko nilivyotarajia, nikashukuru. Kufika kina cha kiwiko nikagusa kitu kigumu. Nikapangusa kwa vidole.

Chuma kinene, kina kutu, kimesimama wima, na juu yake kimegongwa alama ya msalaba.

Kilikuwa hatua tatu nzima ng'ambo ya chumba, upande wa jirani. Chumba chote kilikuwa cha mama. Yaani hakukuwa na ubishi hata kidogo.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefukia, akaenda kuita watu.

Mimi nikafikiria: kesho Injinia anarudi. Je, akigundua kile kitufe? Atapita hapahapa nyuma ya tangi, mashine italia, atapiga kelele, na mama atampigia vigelegele. Chuma changu, nilichokipata mimi, kitakuwa chake.

Nikakishika, nikakitikisa, nikakivuta. Kikagoma, nikakivuta kwa mikono miwili, kikatoka.

Nikakitia mkobani. Nikafukia shimo, nikarudisha kifuniko cha nyasi, nikakanyaga, nikamwagia maji kidogo. Lilikuwa shimo bora kuliko yote niliyowahi kufukia.

Jumamosi saa nne uani palijaa. Mama kavaa gauni lake la heshima. Mke wangu na dada yake, majirani wa pande zote, mwenye duka la dawa na fundi wake wa ukuta, mpima ardhi na vifaa vyake. Injinia alikuwa na mashine yake, anapunga huku na huku.

Akasimama, akavua zile spika masikioni.

"Mama, mimi nimeshindwa," akasema kwa sauti ya kusikika. "Tusidanganyane, fundi wa mambo haya ni mwanyumba wangu. Mimi nilimwiga tu. Mwanyumba, njoo. Mimi ningekuwa wewe ningeanzia pale nyuma ya tangi."

Nikadhani ananidhihaki. Au amehisi kitu, anataka kunipora dakika ya mwisho. Nikaona nimuwahi.

"Hakuna haja ya kuanzia popote," nikasema. Nikapita katikati ya watu, nikaingiza mkono mkobani, nikakitoa kile chuma, nikakiinua juu. "Chuma cha mpaka hiki hapa. Nimekipata mimi."

Nikasubiri.

Hakuna aliyepiga makofi. Niliona uso wa Injinia ukibadilika, ukawa uso wa mtu aliyeona gari linarudi nyuma na mtoto yuko nyuma yake.

"Umeking'oa?" mpima ardhi akauliza taratibu.

"Ndiyo. Juzi. Kilikuwa pale nyuma ya tangi, nimekisafisha na kutu kidogo."

"Nani alikuwepo ulipokitoa?"

"Nilikuwa peke yangu."

Mpima ardhi akavua kofia, akajikuna kichwa. "Bwana, chuma kikiwa ardhini ni mpaka. Kikiwa mkononi mwako ni chuma."

Mwenye duka la dawa akaanza kucheka. "Huyu si ndiye fundi wa kuchomelea? Yule wa mageti? Vyuma kama hivyo anavyo rundo karakana! Angeweza kuleta hata kumi."

Nikakimbilia nyuma ya tangi kuonyesha shimo. Nyasi zilikuwa zimeshika, huwezi kujua kilikuwa wapi. Nikachimba hapa, nikachimba pale. Nilipolipata, lilikuwa shimo tu lenye udongo uliovurugwa, na jirani akasema hata yeye anaweza kuchimba shimo.

"Mama, sema kitu," dada wa mke wangu akanong'ona. Mama akamtazama mpima ardhi. Akanitazama mimi. Akatikisa kichwa na kukaa kwenye ngazi.

Walipima katikati. Kamba ikaingia dirishani, ikapita juu ya meza ya kukatia, ikatokea ukuta wa pili.

Jumatatu Injinia alikuja karakana kwangu. Nilikuwa nachomelea, nikajifanya sijamwona. Akasubiri mpaka nikazima.

"Mwanyumba, kaa chini."

"Sema tu."

"Kaa."

Nikakaa kwenye mtungi wa gesi mtupu.

"Chuma kile nilikipata mimi, Jumatatu iliyopita. Mama alikuwepo, alikiona kwa macho yake. Tukakifukia pale pale, kikiwa kimesimama, tumngoje mpima ardhi."

Nikakumbuka ulaini wa udongo.

"Sasa kwa nini hukusema? Kwa nini Jumatano unapunga, unapunga, na umebonyeza kile kitufe?"

"Nilikibonyeza makusudi. Nilijua ukikiona utanirekebisha, uchukue kazi, ukipate wewe." Akaangalia chini. "Si wazo langu. Mama ndiye aliyeniomba. Aliniambia, 'Mwanangu, huyu mwenzako anaumia. Tangu ulete ile bangili hanitazami usoni. Hebu mwachie hiki akipate yeye, watu wamwone.' Ndiyo maana akakupigia simu siku ya pili yake."

Nikavua glavu, nikaziweka mapajani.

"Hatukupiga hata picha," Injinia akasema. "Nani angefikiri? Na Jumamosi tungesema tulikiona, wangesema familia imepanga, huyu kang'oa hawa wanashuhudia. Mama alinikataza kusema. Alisema ukisikia mbele za watu, hutainua kichwa tena."

Yaani mama mkwe alikaa kwenye ngazi pale, akaangalia kamba ikikata chumba chake, akaumeza ukweli ili mimi nisiaibike zaidi ya nilivyojiaibisha.

Wiki iliyofuata akanipigia simu mwenyewe. Aliniomba nikafungue mlango na dirisha kabla chumba hakijabomolewa, kwa sababu nilivifunga mimi na mimi ndiye ninayejua jinsi vilivyokaa. Nikaenda. Nilikata nondo moja moja, yeye anakunja vitambaa nyuma yangu.

Nikapiga magoti. "Mama, nisamehe."

"Inuka, mwanangu, sakafu ina vyuma, utajikata," akasema. Kisha akaniletea maji ya kunywa.

Siku hizi anashonea kibarazani. Mvua ikija kwa upepo, anavifunika vyerehani kwa turubai na kazi inasimama. Injinia ndiye aliyemnunulia turubai.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, wengi mmeniuliza kazi hii ya mashine inaanzaje. Inaanza hivi: mtu atakuambia uchimbe kila kinacholia. Usimsikilize. Vingine vimewekwa pale na watu waliotaka vikae pale, na ukivitoa havirudi.

Na ukiona mtu anapendwa nyumba uliyooa, kabla hujamchukia, jaribu kumuuliza anasema nini juu yako ukiwa haupo. Mimi sikuwahi kuuliza.

Ningependa kumaliza kwa kusema wivu umekwisha. Haujaisha. Kila nikifika pale kibarazani na kumwona mama akisukuma cherehani, namwonea wivu Injinia kwa jambo moja: yeye anaweza kumtazama usoni.